Kiduku na Santuri za Kiwanda cha Soli

Jina alilopewa na wazazi wake lilijulikana kwa mama yake na kwa karani wa mishahara, basi. Sisi wengine tulimwita Kiduku, kwa sababu tangu usichana wake alinyoa nywele pande zote mbili za kichwa na kuacha mstari mmoja katikati, umesimama kama brashi ya viatu. Wenzake walipofikia umri wa kufunga vitambaa, yeye aliendelea kunyoa. Mvi zilipoingia, ziliingia kwenye mstari uleule, na hakuzipaka rangi.

Mama yake alikuwa akifanya kazi za ndani kwa watu ambao baadaye walihama. Walipofungasha, walimwachia mashine ya kupigia santuri iliyovunjika mfuniko, pamoja na santuri chache ambazo hawakuona haja ya kuzibeba. Moja ilikuwa ya panki, muziki wa kelele na hasira wa vijana wa Ulaya. Kiduku alisimulia kwamba alipoweka sindano mara ya kwanza alidhani mashine imeharibika. Gitaa liliunguruma kama kinu cha kusagia nafaka, ngoma zilikimbia kama mtu anayefukuzwa, na mwimbaji hakuwa anaimba, alikuwa anafoka. Lugha hakuijua. Hakuelewa neno hata moja, ila alisema alielewa yote.

"Nilisikia mtu ambaye hakuomba ruhusa," alituambia. "Nikajiuliza, kumbe inawezekana?"

Jirani yao alikuwa kijana mpole asiyepandwa na hasira hata akikanyagwa, ndiyo maana akaitwa Baridi. Kiduku alimkalisha mbele ya makopo ya rangi yaliyogeuzwa juu chini, akampa vijiti viwili, akamwambia apige. Baridi akasema hajui kupiga.

"Hata mimi sijui kuimba," Kiduku akamjibu. "Anza."

Wakampata na mpiga gitaa, kijana wa gereji, wakawa watatu. Walipiga nyuma ya gereji hiyo siku ambazo hapakuwa na wateja. Nyimbo zao zilikuwa fupi kama kupiga chafya. Mmoja ulimsema mwenye nyumba anayepandisha kodi mvua ikivuja. Mwingine ulimsema mwalimu mkuu. Walialikwa kwenye sherehe moja tu, na wakafukuzwa kabla ya wimbo wa pili kwisha, bibi harusi akiwa ndiye pekee aliyekuwa akicheza. Haikudumu. Yule wa gitaa alihamia mbali kutafuta maisha, Baridi akaoa, gereji ikavunjwa. Waliobaki wawili waliangukia kwenye kiwanda kimoja, kile cha soli.

Kiwanda hicho kilinunua plastiki kuukuu, kikaisaga, kikaiyeyusha, na kuimimina kwenye kalibu za soli za viatu. Kiduku alikuwa mchambuzi. Alikaa juu ya gunia karibu na mlango wa karakana tangu asubuhi hadi jioni, akiweka mabomba na mabomba, nyaya na nyaya. Baridi alisimamia mashine ya kuyeyushia. Kati ya vitu vilivyokuja kwenye magunia, zilikuwamo santuri. Watu walikuwa wakizitupa kwa wingi siku hizo. Kuna kituo cha redio kilichotupa chumba kizima, zikaletwa na lori, nyingine zikiwa bado na mihuri ya maktaba.

Kazi ya Kiduku ilikuwa kuzivua majalada na kuzipitisha kwenye mashine ndogo ya mkono iliyotoboa katikati, ikiondoa kile kiduara cha karatasi chenye jina la wimbo, kwa sababu karatasi huharibu soli. Viduara vilidondokea kwenye pipa. Santuri iliyobaki na tundu ilikwenda kusagwa.

"Watu wanatembea juu ya kwaya na wala hawajui," Baridi alipenda kusema.

Kiduku hakuweza kuzitoboa zote. Aliinua kila santuri kuelekea mwangani, akaiinamisha, akaangalia mistari yake kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Iliyokwaruzwa sana aliiachilia iende. Iliyo nzima aliificha chini ya aproni. Siku moja msimamizi wa karakana alimfumania. Alikuwa mtu mnene, miwani yake imefungwa kwa waya sikioni, na hakuwa mbaya kwa tabia, ila aliogopa kila aliyekuwa juu yake.

"Hiyo ni mali ya kiwanda," akasema.

"Kiwanda kinataka plastiki, bosi, hakitaki nyimbo. Nikikuletea bomba la uzito uleule, utakuwa umepungukiwa na nini?"

Msimamizi alifikiri, akamwachia. Tangu hapo ikawa kilo kwa kilo. Siku za mapumziko tulimwona Kiduku kwenye mitaro ameinama na kiduku chake, akiokota vipande vya mabomba. Watoto walidhani amerukwa na akili. Yeye alikuwa ananunua nyimbo kwa takataka, na hakuona biashara nzuri kuliko hiyo.

Alikaa na mama yake kwenye vyumba viwili. Cha kwanza walilala, cha pili kilikuwa cha santuri. Alizipanga wima ndani ya makasha ya mbao, migongo ikitazama nje kama vitabu, maana santuri ikilazwa na kubebeshwa wenzake hupinda. Dirisha alilifunika kwa gunia jua lisiingie. Kila santuri mpya aliiogesha kwenye beseni, kwa sabuni kidogo sana, akiizungusha taratibu ili maji yasifike kwenye karatasi ya katikati, akaifuta kwa kipande cha khanga iliyochakaa hadi ikawa laini kama pamba. Mtu aliyezoea kumwona akitukana madereva barabarani asingeamini ile mikono.

Hakuchagua muziki. Panki ndiyo ilikuwa roho yake, lakini makashani mlikuwa na dansi, kwaya, masomo ya lugha za kigeni, hadithi za watoto, na hata hotuba za wakubwa ambao hakuna aliyewakumbuka tena. Nilimuuliza hotuba anazitakia nini.

"Uongo nao utunzwe," akasema. "Siku moja watakana kwamba walisema."

Mama yake alikuwa na miguu iliyovimba, akishinda kitini. Alilalamika kila siku, kwa namna ya mtu ambaye hataki kweli jambo libadilike. "Nyumba ina sahani kuliko hoteli," aliwaambia wageni, "na hakuna hata moja ya kulia." Jioni Kiduku akirudi, alipiga upande mmoja wa kelele zake mwenyewe, halafu upande mmoja wa kwaya kwa ajili ya mama, ndipo wakapika.

Kiwandani alikuwa hivyohivyo. Mwenye kiwanda alipopita kukagua, wafanyakazi walisimama na kukunja mikono mbele. Kiduku alibaki juu ya gunia lake, akaendelea kuchambua, akasema "habari za asubuhi" kwa sauti ileile aliyomsalimia mfagiaji. Baridi alimuuliza baadaye kwa nini anajitafutia balaa bure.

"Yeye ndiye aliyeingia, kaka. Mimi nilikuwepo."

Juu ya mashine ya Baridi palikuwa na feni kubwa iliyovuta moshi na kuupeleka nje kwa bomba la bati. Ilianza kupiga makelele, ikawa inasimama na kurudi, mwisho ikasimama kabisa. Msimamizi akasema kifaa kimeagizwa. Wiki zikapita. Moshi wa plastiki ile si kama moshi wa kuni. Huwezi kuuona vizuri, lakini unachoma macho na kuacha ladha ya chuma mdomoni. Waliofanya kazi karibu na mashine walianza kukohoa. Uongozi ukaleta maziwa, kila mtu pakiti yake asubuhi, eti yanasafisha kifua.

Kiduku aliishika pakiti yake akaitazama. "Maziwa yanaenda tumboni," akamwambia msimamizi mbele ya watu. "Mapafu hayanywi."

Watu walicheka. Msimamizi alicheka pia, halafu akatazama mlangoni kuona kama kuna aliyesikia.

Baridi alikunywa maziwa yake na ya Kiduku. Alikuwa amekonda, na akipanda ngazi ndogo ya mashine alipumzika katikati. Kiduku alimwambia aache, aombe kuhamishiwa kwenye kalibu. Baridi akasema binti yake alikuwa anamaliza shule, na mwenye kiwanda alikuwa amemwahidi kwamba akimaliza atapewa nafasi ofisini. Si wakati wa kuonekana mkorofi.

"Ungekuwa na mtoto ungenielewa," alisema. Hakuwa na nia ya kumuumiza.

Siku ya ajali ilikuwa ya jua kali, mchana, watu wakitoka kula. Swichi ya kupunguza moto ilikwama. Plastiki iliyokuwa ndani, nyingi ikiwa ya santuri ambazo Kiduku mwenyewe alizitoboa asubuhi ile, ikaacha kuyeyuka na kuanza kuungua. Moshi ukajaa karakana yote. Watu wakakimbilia uani wakijifunika nyuso. Baridi alitoka nao, akasimama, akageuka, akarudi ndani. Uji ule wa plastiki ukiganda ndani ya mashine, mashine imekufa, na angeulizwa yeye.

Kiduku alimsubiri kidogo, halafu akalowesha aproni kwenye pipa la maji, akaizungushia usoni, akamfuata. Mpakiaji wa magunia, mwanamume mwenye mabega mapana ambaye hakuwa na mazoea naye hata kidogo, akaingia nyuma yake. Walimkuta Baridi amepiga magoti, mkono bado umeshika mpini wa kutolea plastiki. Mashine alikuwa ameizima. Walimburuta hadi uani. Povu lilikuwa linamtoka, na macho yake yalitazama juu kama ya mtu anayejaribu kukumbuka jambo.

Alipelekwa hospitali nyuma ya gari la kiwanda, kichwa chake mapajani mwa Kiduku. Alikaa siku chache kwenye mashine ya hewa, akafa.

Kabla ya mazishi, mke wa Baridi alimvuta Kiduku pembeni, nyuma ya nyumba, palipoanikwa mashuka.

"Wifi, nakuomba kitu kimoja," alisema. "Kesho usiseme chochote. Wakubwa wa kiwanda watakuwepo. Nafasi ya mtoto bado ipo, wamenithibitishia."

"Wamemuua, wifi."

"Najua alivyokufa. Nilimfulia nguo zake miaka yote, nilijua moshi unanuka vipi. Nakuomba unyamaze."

Kiduku akanyamaza. Kaburini msimamizi alisema maneno mazuri juu ya marehemu, halafu akaongeza kwamba kwa bahati mbaya kifua chake kilikuwa dhaifu tangu zamani, na kwamba sigara ni adui. Baridi hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake. Tuliokuwa karibu tulimtazama Kiduku. Alikuwa ameuma mdomo wa chini hadi umepauka.

Alinyamaza hadi udongo ulipokaa. Kiwandani walipomweka mtu mwingine kwenye mashine, feni ikiwa bado imesimama, alitua gunia lake katikati ya njia inayoelekea kwenye mashine ya kusaga, akakaa juu yake na kukunja mikono.

"Santuri haiendi hata moja, bomba haliendi hata moja, mpaka hiyo feni izunguke," akasema.

Wenzake walimzunguka kwa pembeni na matoroli yao. Hakuna aliyekaa naye. Wengine walimgusa bega wakipita, wengine walitazama sakafu. Kufikia saa ya chakula alikuwa amefukuzwa kazi, na walinzi wawili walimtoa wakiwa wamemshika makwapani, yeye amelegeza miguu makusudi ili wambebe.

Sasa mtu mwingine angelia, au angekwenda kumbembeleza msimamizi. Yeye alikwenda kuazima mkokoteni. Akapandisha juu yake mashine ya santuri, betri ya gari, kipaza sauti, na spika ya mdomo mpana aliyoitengeneza yeye mwenyewe. Akachagua santuri za panki zilizo na hasira kuliko zote. Mchana, wafanyakazi walipotoka kununua chakula, walimkuta upande wa pili wa barabara, na sauti ikawagonga kifuani. Wimbo ulipokwisha alishika kipaza sauti, akasema sentensi moja.

"Feni iko wapi?"

Halafu akageuza upande.

Alikuja kesho yake, na kesho yake tena. Mwanzo watu walicheka. Mama muuza matunda alihamisha meza yake, akasema kelele zinamwivishia matunda kabla ya wakati. Walinzi walikuja kumfukuza, naye akawaonyesha kwamba amesimama kwenye barabara ya umma. Baada ya muda maneno yale yakatoka kwake yakawa ya mtaa. Watu walisalimiana kwa hayo. Mtu akichelewa kazini aliulizwa feni iko wapi. Watoto waliyaandika kwa mkaa ukutani mwa kiwanda. Siku moja wafanyakazi wapatao nusu ya karakana walisimama naye upande wa pili wa barabara, wakasikiliza santuri nzima hadi mwisho. Mpakiaji alikuwa miongoni mwao. Kiduku alisema baadaye kwamba hakuna onyesho alilowahi kupiga lenye watazamaji kama wale.

Wakaguzi wa kazi walikuja. Sijui kama ni kwa sababu ya kelele au kuna mtu aliyepeleka habari. Walipima hewa, wakatazama feni, wakaifunga karakana hadi itengenezwe.

Mwenye kiwanda hakuitengeneza. Alifungua mashine bolti kwa bolti, akazipakia kwenye malori, akazipeleka mji mwingine ambako hakuna aliyekuwa akiuliza maswali. Akachukua mafundi wachache na baadhi ya wapakiaji. Waliobaki walikuta lango limefungwa kwa mnyororo. Ofisi nayo ilihama, na ile nafasi ya binti wa Baridi ikahama na ofisi.

Mtaa ulibadilika. Feni iko wapi haikuwa mzaha tena. Waliokuwa wakimgusa bega sasa walivuka barabara wakimwona. Dukani mtu alisema kwa sauti, ili asikie, kwamba kuna watu hawana mtoto wala kazi ya maana, wanacheza na riziki za wenzao. Kiduku aliendelea kutembea katikati ya njia, kichwa juu, lakini alipunguza kutoka. Alikohoa sana. Alipiga santuri kwa sauti ya chini, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia nyumbani kwake.

Asubuhi moja alitoka kwenda kuulizia kazi ya kufua kwenye nyumba ya wageni. Alikawia, kwa kuwa walimweka benchini muda mrefu kabla ya kumwambia hapana. Alipopinda kona ya nyumbani alimwona mama yake amekaa nje kwenye kivuli, kitini mwake, kikombe cha maji mkononi.

"Nani amekutoa nje, mama?"

"Watu wa kazini kwako," mama akasema. "Wanaume na yule mke wa marehemu. Wamenisalimia vizuri sana, 'shikamoo mama', nikaitikia. Wakauliza kama nimekula. Huyu mwenye mabega akasema mama humu ndani kuna joto, ngoja nikupeleke penye hewa. Akaninyanyua na kiti changu, polepole, hata mguu haukuniuma. Akaniletea maji."

Alikiweka kikombe chini.

"Halafu wakaingia ndani."

Kiduku alipofungua mlango hakuweza kuusukuma hadi mwisho. Vipande vilikuwa vimejaa sakafuni hadi kwenye vifundo vya miguu. Hawakuwa wamevunja kwa kukurupuka. Walizitoa makashani moja moja, wakazivunja kwa goti, wakazitupa. Majalada yalichanwa. Mashine ya santuri ilikuwa imelazwa ubavuni, mkono wake wa sindano umeng'olewa. Hawakuiba chochote, wala hawakugusa chumba cha kulala. Sufuria ya uji ilikuwa palepale juu ya jiko, imefunikwa.

"Nilisikia kila moja," mama alimwambia kutoka nje. "Nilipiga kelele waache. Wakasema samahani mama, tunamaliza."

Hakwenda polisi. Alikwenda kwa mke wa Baridi, jioni ileile, jua halijazama. Alimkuta akipepeta mchele mlangoni. Hakukaribishwa kiti, akasimama.

"Wifi," akasema.

"Mimi si wifi yako tena." Mwanamke yule hakuinua macho. "Nilikuomba kitu kimoja."

"Nilinyamaza kaburini."

"Ukanyamaza siku moja. Mume wangu alirudi ndani ya moto kwa sababu ya ile nafasi ya mtoto, hakurudi kwa sababu nyingine. Alikufa akiishikilia. Wewe ukaenda kuitupa na kelele zako. Sasa niambie, alikufa kwa ajili ya nini?"

Mapumba yalipeperuka kati yao.

"Angewekwa mtu mwingine pale," Kiduku akasema. "Angekufa na huyo. Ningerudia, wifi. Hata leo."

"Najua ungerudia." Sasa yule mwanamke alimtazama. "Ndiyo maana nimevunja kwa mikono yangu, sikuwatuma watu."

Hawakusemezana tena, siku hiyo wala baadaye.

Kiduku alijaza vipande kwenye magunia. Habari zilimfikia dalali wa plastiki, aliyekuwa bado akipita na lori kukusanya mzigo kwa ajili ya kile kiwanda kilichohama. Alimwambia atayachukua yote, hata majalada. Kiduku akakataa. Dalali akadhani anataka bei, akarudi tena na maneno matamu. Kiduku akamwambia kwamba kuna mtu amesimama juu ya hiyo mashine huko walikoipeleka, na yeye hatampelekea moshi.

Akaanza kuchimba. Nyuma ya nyumba palikuwa na sehemu ya ardhi ngumu, penye mawe. Alichimba kidogo, akakaa, akakohoa, akaendelea. Tulimwona kutoka kwenye madirisha yetu. Watu walisema sasa amekwisha, anazika sahani za muziki kama watu. Nilikwenda na sepetu yangu siku ya tatu au ya nne, tukachimba pamoja bila maongezi mengi. Kabla ya kumwaga gunia alilitia mkono, akatoa kipande, akakiinamisha mwangani kwa mazoea, akataja ni cha wimbo gani. Vingine alivikosea, akajisahihisha. Baadaye akaacha kutazama, akamwaga tu.

Kliniki ya kifua walimpiga picha. Daktari, binti mdogo mwenye haraka, alimwonyesha makovu meupe pande zote mbili.

"Mama, lazima uache kazi za moshi."

"Zimeniacha zenyewe," Kiduku akamjibu.

Alipewa dawa ya kupuliza mdomoni. Kifua kilitulia kidogo, sauti haikurudi. Ile sauti iliyokuwa ikivuka barabara na malori ikawa mkwaruzo, kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi. Alipata kibarua cha kukunja mashuka kwenye ile nyumba ya wageni iliyomkataa mara ya kwanza. Hakukusanya tena santuri. Kuna mtu alimletea moja kwa nia njema, akaipokea, akashukuru, akampa mtu mwingine. Kichwa aliendelea kukinyoa.

Msimu wa mvua uliofuata, mpakiaji, aliyekuwa ameitwa kazini baadaye kule kiwanda kilikohamia, alirudi likizo. Nilikuwa nimekaa na mama yake Kiduku barazani alipotokea kwenye njia, amevaa koti kubwa kuliko mwili wake. Mabega yalikuwa yameshuka. Alikohoa kabla ya kusalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umekuja kunitoa nje tena?" mama akasema. "Nimeshatoka mwenyewe."

Yule mwanamume akainamisha kichwa, akabaki amesimama kwenye manyunyu. Kiduku alitoka ndani akiwa na shuka mkononi. Walitazamana. Mimi nilidhani atamfukuza, na kwa kweli nilitaka amfukuze. Alimsogezea kigoda.

Mpakiaji alisema wamemweka yeye kwenye mashine. Alisema karakana ya kule haina dirisha hata moja. Kuna mwenzao alianguka wiki iliyopita, akainuliwa, akarudishwa kazini jioni yake. Alisema hayo yote akitazama magoti yake. Kisha akauliza wale wakaguzi huwa wanapatikana wapi, na mtu akifika anaanza kusema nini.

Kiduku alilikunja lile shuka hadi likawa dogo. Hakutaja makasha yake. Alianza kumweleza: usiende peke yako, nendeni hata watatu, msiende siku mashine imezimwa kwa usafi, na msingoje mtu azikwe kwanza. Mvua ilikuwa imeongezeka kwenye bati na sauti yake haikufika. Mpakiaji akasogeza kigoda, akainama hadi sikio lake likawa karibu na mdomo wa Kiduku.

"Sijasikia, dada," akasema. "Rudia."

Akarudia, neno baada ya neno, akisimama kuvuta pumzi. Mpakiaji akaondoka kesho yake alfajiri, na mpaka leo hatujapata habari zake.